Shilingi ya nani? Kuhusu thamani zisizofafanuliwa katika majaribio ya kompaila

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa nimezama katika jambo ambalo wengi mtaliona dogo sana: thamani zisizofafanuliwa ndani ya majaribio ya kompaila. Najua, jina lenyewe linatosha kumfanya mtu akimbie. Nivumilie kidogo. Jambo hili lilikaribia kumharibia jina kijana mmoja hapa kwetu, na ukifika katikati utaona kwamba hata asiyeandika programu linamhusu.

Kwa asiyejua, kompaila ni programu inayotafsiri msimbo anaouandika binadamu, tuseme kwa lugha ya C, kuwa maagizo ambayo prosesa inaweza kuyatekeleza. Kompaila ya siku hizi haitafsiri tu. Inaboresha. Ikiona hesabu isiyo na kazi inaifuta, ikiona njia ya mkato inaipita. Ili tujue kwamba mikato hiyo ni halali, wanaotengeneza kompaila huandika majaribio: msimbo mdogo unaoingia, na jibu linalotarajiwa kutoka. Majaribio yakipita, tunalala. Swali la leo ni hili: je, jaribio linaweza kupita bila kujaribu kitu chochote?

Linaweza. Na linapita vizuri tu.

SHILINGI ELFU MBILI, YA WAPI?

Mimi naishi Isebania, kaunti ya Migori, pale barabara inayotoka Kisii na Migori mjini inapomalizikia upande wa Kenya. Ukivuka mpaka uko Sirari, wilaya ya Tarime, na barabara inaendelea hadi Musoma na Mwanza. Watu ni walewale, Wakuria wako pande zote mbili. Samaki wadogo wa ziwani wakiwa upande huu ni omena, wakivuka wanakuwa dagaa. Na fedha zote mbili zinaitwa shilingi.

Sasa mtu akikuambia sokoni "hii ni elfu mbili", bado hajakuambia bei. Katika miaka hii ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa kati ya shilingi 16 na 21 za Tanzania, kutegemea mwaka na siku. Mnunuzi anaweza kusikia elfu mbili ya Tanzania, muuzaji akamaanisha ya Kenya. Hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana mtu wa hapa, kabla hajatoa mkono mfukoni, huuliza kwanza: ya Kenya au ya Tanzania?

Thamani isiyofafanuliwa katika programu ni kama hiyo elfu mbili kabla ya swali kuulizwa. Si sifuri, na si kitu tupu. Wanaoandika JavaScript wasichanganye: ile "undefined" yenu ni thamani kamili yenye jina lake, unaweza kuilinganisha na kuichapisha. Hapa nazungumzia namba ambayo kila anayeisoma ameruhusiwa kuisoma apendavyo, na hata msomaji mmoja anaweza kuisoma hivi sasa na kuisoma vingine baada ya mstari mmoja. Na msomaji mkubwa, yaani kompaila, husoma kwa namna inayomrahisishia kazi yake mwenyewe.

MAHINDI MAKAVU YALIYOKATWA KAMA MABICHI

Nitoe kisa. Kuna ghala moja la kununua mahindi huku kwetu, silitaji jina, ambalo lilikuwa na programu ya kuhesabu malipo ya wakulima. Iliandikwa na mkandarasi, naye simtaji. Karani anapima gunia, anapima unyevu, anaingiza namba, risiti inatoka. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi Kenya ni asilimia 13.5. Ukizidi hapo, ghala linapunguza shilingi 3 kwa kila kilo. Fankisheni yenyewe, nikiifupisha, ilikuwa hivi (unyevu umeandikwa kwa sehemu za kumi, yaani 135 ni asilimia 13.5):

int malipo(int kilo, int bei, int unyevu) {
    int punguzo;
    if (unyevu > 135)
        punguzo = 3;
    return kilo * (bei - punguzo);
}

Umeiona? Mahindi yakiwa na maji, kigeu "punguzo" kinapewa 3. Mahindi yakiwa makavu, hakipewi kitu. Hakuna aliyesema ni sifuri.

Programu hiyo ilifanya kazi misimu miwili bila malalamiko. Kisha ghala likanunua kompyuta mpya, na mkandarasi akaijenga upya programu, safari hii akiwasha uboreshaji wa kompaila, ule wa -O2, ili iende kwa kasi. Kuanzia siku hiyo wakulima wenye mahindi makavu wakawa wanalipwa kama wenye mahindi yenye maji. Gunia la kilo 90 likapoteza shilingi 270 (za Kenya!). Mtu wa magunia kumi, shilingi 2,700. Hiyo ni ada ya mtoto.

Wakulima si wajinga. Mtu anayekausha mahindi yake kwenye turubai juma zima anajua ni makavu. Walipoona risiti walimgeukia karani, kijana wa miaka ishirini na mbili hivi. Mzee mmoja alimwambia mbele ya watu: "Kijana, mashine haina mkono wa kuiba. Mkono ni wako." Akasimamishwa kazi. Mkandarasi alipopigiwa simu, jibu lake lilikuwa fupi: programu haina tatizo, majaribio yote yamepita.

Na kweli yalipita. Nilipoitwa niangalie, kwa sababu hapa mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta huitwa kwa kila kitu hadi televisheni, nilikuta majaribio mawili:

assert(malipo(90, 40, 130) == 3600);   /* makavu */
assert(malipo(90, 40, 150) == 3330);   /* yenye maji */

Nikayaendesha. Yakapita. Nikabadilisha mpangilio tu, la pili likawa la kwanza. La mahindi makavu likaanguka.

Sababu ni hii. Majaribio yalikuwa yanajengwa bila uboreshaji. Bila uboreshaji, kila kigeu kina kona yake ya kumbukumbu, na usipokipa thamani unasoma kilichoachwa pale na mtu mwingine. Jaribio la makavu likitangulia, kona ile ina sifuri kwa bahati, na jibu linakuwa sahihi. Jaribio la yenye maji likitangulia, linaacha 3 pale, na la makavu linaiokota. Ghalani kwenyewe, katikati ya mkulima na mkulima zilikuwa zinaitwa fankisheni za kuchapisha risiti, ambazo ziliacha sifuri katika kona hiyo. Misimu miwili ya haki ilisimama juu ya takataka za kumbukumbu.

Ukiwasha -O2 bahati inaisha. Kompaila inawaza hivi: punguzo ni 3, au ni chochote. Chochote kinaweza kuwa 3. Basi punguzo ni 3 siku zote, na swali la unyevu halina kazi tena, nalifuta. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Kiwango cha lugha ya C kinairuhusu.

Dawa ilikuwa herufi chache: int punguzo = 0; basi. Kijana akarudishwa kazini. Wakulima waliotunza risiti walilipwa tofauti yao. Waliozitupa hawakulipwa.

NDANI YA KOMPAILA YENYEWE

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nianze kusoma majaribio ya kompaila zenyewe. Nilitaka kujua: wale wanaotutungia zana hizi, wao wanajikingaje?

Nilianza na LLVM. Ni mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, wakiwa Chris Lattner na mwalimu wake Vikram Adve, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2003. Leo Clang, Rust, Swift na Julia zote zinaitegemea. Ile zana ya Google ya kuandika programu za Android kwa C na C++ iliondoa GCC mwaka 2018 ikabaki na Clang peke yake. Kwa hiyo ukipiga picha kwa simu ya Android pale stendi ya Isebania, kuna LLVM mahali fulani.

LLVM ina lugha yake ya kati, iliyo kati ya C na lugha ya mashine. Katika lugha hiyo thamani isiyofafanuliwa ina neno lake kabisa: undef. Na majaribio ya LLVM, ambayo ni maelfu kwa maelfu ya mafaili madogo ya maandishi, yalijaa neno hilo kwa miaka mingi.

Tuangalie mfano nilioutunga mwenyewe. Tuseme nataka kuhakikisha kwamba kompaila ikikuta namba inazidishwa kwa 2 inageuza kuwa kusogeza biti hatua moja kushoto, jambo ambalo ni jepesi zaidi kwa prosesa. Mtu mwenye haraka ataandika:

define i32 @maradufu() {
  %x = mul i32 undef, 2
  ret i32 %x
}

Anaona: namba yenyewe haina maana kwangu, ninachojaribu ni kuzidisha, basi niweke undef. Anaendesha kompaila, na inatoka:

ret i32 0

Hakuna kusogeza biti. Kompaila iliona undef, ikajiambia "naichagua iwe 0", sifuri mara mbili ni sifuri, kazi imekwisha. Ule mkato niliotaka kuujaribu haukuguswa kabisa.

Sasa hatari inakuja hapa. LLVM ina skripti nzuri inayoandika majibu yanayotarajiwa yenyewe: unaiendesha, inachukua kilichotoka na kukiweka ndani ya faili kama jibu sahihi. Ukiwa mzembe unahifadhi, na kuanzia leo jaribio hilo ni la kijani. Mwakani mtu akiharibu mkato wa kuzidisha kwa 2, jaribio lako litabaki kijani. Ni mlinzi aliyelala huku amevaa sare.

Andika hivi badala yake:

define i32 @maradufu(i32 %bei) {
  %x = mul i32 %bei, 2
  ret i32 %x
}

Sasa namba inaingia kutoka nje. Kompaila haijui ni ngapi, lakini inajua ni namba moja, ileile kila inaposomwa. Haiwezi kuichagulia. Inalazimika kufanya kazi, na inatoka:

%x = shl i32 %bei, 1

Huo ndio mkato wetu. Tofauti ni kiingizo kimoja tu.

Kama ni rahisi hivyo, undef zilijazanaje? Nyingi hazikuandikwa na mkono wa mtu. Programu kubwa ikiangusha kompaila, hatuwezi kuweka mistari elfu kumi kwenye jaribio, kwa hiyo kuna zana za kuipunguza, kama bugpoint na baadaye llvm-reduce. Zana hizo hukata, hujaribu, hukata tena, na kila zilipoondoa kitu ziliziba pengo kwa undef. Kinachobaki kinaangusha kompaila kweli, lakini kimejaa mashimo. Utakuta hata tawi la programu linaloamuliwa na undef: br i1 undef, yaani "ukiwa na chochote pinda kulia, la sivyo kushoto". Kwa sheria za sasa za LLVM tawi la namna hiyo halina maana yoyote, na kompaila ina ruhusa ya kufuta njia zote mbili pamoja na kila kinachofuata. Jaribio lililojengwa juu ya hapo linaweza kufutika siku yoyote mtu anapoongeza akili kidogo mahali pengine kabisa, naye akapoteza siku nzima akitafuta alichoharibu kumbe hajaharibu kitu.

MARA MBILI SI SAWA NA KUJUMLISHA

Kuna tatizo kubwa kuliko uzembe. Undef yenyewe ilikuwa inaisumbua kompaila.

Rudi sokoni. Nikikuambia "nipe mara mbili ya hiyo elfu", utachagua ni ya wapi, kisha utazidisha. Nikikuambia "nipe hiyo elfu, na hiyo elfu tena", unaweza kunipa moja ya Kenya na moja ya Tanzania, na bado umetii. Katika hesabu ya shule x mara 2 na x jumlisha x ni kitu kimoja. Kwa undef si kimoja. Undef mara 2 siku zote ni namba shufwa. Undef jumlisha undef inaweza kuwa 3 jumlisha 4, yaani 7, kwa kuwa kila kusoma ni kusoma kupya. Kompaila inaruhusiwa kupunguza majibu yanayowezekana, haiwezi kuyaongeza. Kwa hiyo kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi angelikubali, ni kosa pale x inapoweza kuwa undef.

Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwemo Nuno Lopes, Juneyoung Lee, Chung-Kil Hur na John Regehr, walichapisha pendekezo la kuusafisha mkanganyiko huu. Mawazo yao mawili yakaingia katika LLVM. La kwanza ni agizo liitwalo freeze, lililotoka na LLVM 10 mwaka 2020. Ni kama kuandika "KSh" kwenye karatasi: hujui ni fedha ipi itachaguliwa, lakini ikishaandikwa, kila anayesoma anasoma ileile. La pili ni kuegemea poison badala ya undef. Poison ilikuwapo zamani kama dhana, na toleo la 12, mwaka 2021, likaifanya thamani unayoweza kuiandika moja kwa moja. Hii ifikirie kama noti bandia. Chochote unachokokotoa kutokana nayo nacho ni bandia, na ukiitumia kuamua njia umeharibu programu nzima. Inaonekana kali zaidi, lakini sheria zake ni rahisi kuzifuata, na kompaila haichanganyikiwi.

Leo ukipeleka mabadiliko LLVM yenye undef mpya, programu ya ukaguzi inakuonya hapohapo kwamba undef inaachwa, na kwamba kwenye majaribio ni bora kutumia kiingizo cha fankisheni. Undef imebakia na kazi chache, kwa mfano kusoma kumbukumbu ambayo haijaandikwa kitu.

MAFAHALI WAWILI WASIO NA KOSA

Wapo waliolijua jambo hili mapema. Mwaka 2011 watu wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza zana yao iitwayo Csmith. Inatunga programu za C za kubahatisha, inazipitisha kwenye kompaila mbalimbali, na kulinganisha majibu. Majibu yakitofautiana, mmoja amekosea. Katika miaka mitatu waliripoti hitilafu zaidi ya 325.

Kazi ngumu haikuwa kubahatisha, maana kubahatisha hata mbuzi akipita juu ya kibodi anaweza. Kazi ilikuwa kuhakikisha kwamba programu zinazotungwa hazina thamani isiyofafanuliwa wala jambo lolote ambalo lugha ya C imeliacha wazi. Kwa sababu zikiwa nalo, kompaila mbili zikatofautiana, hakuna yenye kosa. Ni yule mnunuzi na yule muuzaji. Huwezi kumshtaki mtu kwa kusoma kile ulichomruhusu kusoma.

Na mwaka 2021 ikaja Alive2, ya Lopes na wenzake. Hii hailinganishi kwa namba chache. Inathibitisha kihesabu kwamba msimbo uliotoka una maana ileile kwa kila thamani inayoweza kuingia. Waliielekeza kwenye majaribio ya LLVM yenyewe, yaliyokuwa yakipita kila siku, ikagundua hitilafu mpya 47. Zilikuwa zimekaa ndani ya majaribio ya kijani. Undef inaipa zana hii kazi nzito, kwa kuwa kila mahali inaposomwa pana uwezekano mpya wa kuzingatia. Kuiondoa kwenye majaribio kunaisaidia kumaliza kazi.

TAHADHARI KWA WENYE UFAGIO

Msomaji mwepesi atasema: basi nichukue zana ya kubadilisha maneno, kila penye undef niweke poison, nilale. Usifanye. Weka poison kwenye ule mfano wetu wa kuzidisha, na jibu litakuwa poison. Kusogeza biti bado hakupo. Umebadilisha jina la shimo.

Kuna historia ya kufagia bila kuelewa. Mwaka 2006 kwenye mfumo wa Debian, zana ya kukagua kumbukumbu ililalamika kwamba maktaba ya OpenSSL inatumia kumbukumbu isiyofafanuliwa. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Mistari iliyolalamikiwa ikaondolewa. Lakini mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa unaingiza ubahatishaji wote halali katika kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki kikawa namba ya utambulisho ya programu inayoendeshwa, ambayo ina uwezekano 32,768 tu. Kwa karibu miaka miwili mashine za Debian na Ubuntu zilitengeneza funguo ambazo mtu angeweza kuzijaribu zote kwa kompyuta ya kawaida. Luciano Bello aligundua, na tangazo likatoka tarehe 13 Mei 2008.

Kwa hiyo kabla hujaondoa thamani isiyofafanuliwa, jiulize mahali pale palikusudiwa pawe na nini. Kama ni namba yoyote, weka kiingizo. Kama ni sifuri, andika sifuri. Kama kweli ni kishika nafasi ambacho hakitasomwa, kama vekta tupu inayosubiri kujazwa, hapo poison inafaa. Hakuna zana itakayokujibia swali hilo. Ni lazima usome jaribio na umwelewe aliyeliandika.

NINAVYOFANYA MIMI

Jioni nyingi nachukua faili moja la majaribio na kulisafisha. Moja tu. Umeme wa huku ukiamua kwenda unakwenda, na kuijenga LLVM nzima kwenye kompyuta ndogo ya mkononi kunachukua saa nyingi, kwa hiyo nimejifunza njia za mtu wa mpakani. Naziweka hapa zimfae mwingine.

1. Usijenge kila kitu. Kwa kazi hii unahitaji opt na FileCheck, na prosesa moja tu, tuseme X86. Muda unapungua sana.

2. Ukiwa huna hata nafasi hiyo, tumia Compiler Explorer ya Matt Godbolt ndani ya kivinjari. Alive2 nayo ina ukurasa wake wa kujaribia. Ni maandishi tu, haili bando.

3. Ukibadilisha undef kuwa kiingizo, angalia jibu lililotoka. Likiwa lilelile, vizuri. Likibadilika, usifurahi wala usiogope, soma: ama jaribio la zamani halikuwa linajaribu kitu, ama umeondoa kile kilichokuwa kinajaribiwa.

4. Kisha haribu mkato wenyewe kwa makusudi kwenye nakala yako na uone kama jaribio linaanguka. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likianguka usiliamini.

5. Na kwa msimbo wako wa kawaida wa C, washa -Wall. Clang ingelisema wazi kwamba "punguzo" wakati mwingine halipewi thamani, na kijana wa watu angebaki na kazi yake. Valgrind na MemorySanitizer zitakamata yale ambayo onyo limeyakosa.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu wa kompaila, sisi tuandike programu za maduka na SACCO. Mimi naona kinyume. Aliyeumia ghalani hakuwa mtunga kompaila wala mkandarasi. Alikuwa kijana wa kupima magunia ambaye hakujua kwamba kuna kitu kinaitwa undef, akaitwa mwizi kwa sababu watu wawili waliokuwa mbali naye waliiacha namba bila kuitaja, na jaribio likasema sawa.

Kwa leo niishie hapa. Ila kabla hujalala, nakuomba kitu kimoja. Chukua faili moja la majaribio yako mwenyewe, geuza mpangilio wake juu chini, kisha ulijenge mara mbili, kwa -O0 na kwa -O2. Yakipita yote, hongera. Kama kuna moja lililoanguka, usilirudishe lilipokuwa. Hilo ndilo lililokuwa linakudanganya.